Tujifunze Lugha: Kusema unachofanya, kwa Kihindi



Safari ya matibabu India si neno geni tena katika jamaa zetu. Ukifika Delhi, munganga atasema Kiingereza. Lakini anayefagia chumba, anayeleta chakula, na mama anayelinda mgonjwa wa kitanda cha jirani, hao wengi wanasema Kihindi. Mama aliye na mtoto hospitalini anahitaji maneno mafupi: mimi ninafanya nini, mtoto anafanya nini. Juma hili tuanzie hapo.

*Main khana bana rahi hoon.* Ninapika chakula.

*Main* ni mimi. Litamke kama neno la Kifaransa *main*, mkono. *Khana* ni chakula, na kitendo kinakuja nyuma yake. *Rahi* inafanya kazi ya ile "-na-" yetu katika "ninapika".

Sikieni vizuri hapa. Kwetu baba na mama wote wanasema "ninapika". Kwa Kihindi mwanamke anasema *rahi*, mwanaume anasema *raha*. Ukijifunza kwa kumwiga bwana wako, utasema kama mwanaume. Basi shikeni hivi: raha tuwaachie wanaume, sisi ni *rahi*!

Tuendelee:

*Main kapde dho rahi hoon.* Ninafua nguo.
*Main dawa de rahi hoon.* Ninampa dawa. (Dawa ni ile ile yetu.)
*Main intezaar kar rahi hoon.* Ninangojea.

Kwa mtoto, mwisho unageuka kuwa *hai*:

*Mera beta so raha hai.* Mtoto wangu mwanaume analala.
*Meri beti ro rahi hai.* Binti yangu analia.
*Meri beti khana nahin kha rahi hai.* Binti yangu hali chakula.

Hilo la mwisho mlishike sana. *Nahin* ndilo neno la kukataa, na mtoto asiyekula ni habari ambayo muuguzi anapaswa kuipata mapema.

Ukitaka kumuuliza mama mwenzako kwa heshima: *Aap kya kar rahi hain?* Unafanya nini?

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, ulizeni mji kabla ya safari: Chennai watu wanasema Kitamil, Bengaluru Kikannada. Pili, maneno haya ni ya kuishi na watu. Kwa habari ya ugonjwa wenyewe, kipimo au karatasi ya kutia sahihi, ombeni mkalimani, msikubali kwa kutikisa kichwa tu.

Zoezi la juma: kila ukishika kazi, iseme kwa sauti. Ukifua, *kapde dho rahi hoon*. Ukisonga bugali, *khana bana rahi hoon*. Siku ya mkutano wa kikundi, mmoja aulize, mwingine ajibu, hata watoto waingie. Kinywa kikizoea nyumbani, hakitashikwa na haya ugenini.

Mbaki na amani.