Mbwa na Vumbi la Nyumbani

Wasomaji wa gazeti letu, neno vumbi halina sifa njema shuleni petu. Siku ya ukaguzi wa mabweni, kiranja akipitisha kidole juu ya dirisha na kidole kikatoka cheusi, sote twajua yatakayofuata. Mbwa naye, kwa wengi wetu, ni mlinzi wa uani ambaye mahali pake ni nje ya kizingiti. Leo nataka kusema juu ya hivyo viwili pamoja, maana wataalamu wameviunganisha kwa namna ambayo yafaa tuifikiri kabla hatujaicheka.

Vumbi la nyumbani si udongo mtupu. Ndani yake mna nyuzi za nguo, vipande vya ngozi yetu inayopukutika, chavua ya maua, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria na ukungu. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za vumbi la nyumba zipatazo 1,200 za nchi yao. Wenye nyumba walipangusa kwa pamba sehemu ya juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo kitambaa cha mama, hata awe msafi namna gani, hakifiki mara kwa mara. Ilionekana kwamba kwa wastani nyumba moja ina aina zaidi ya 5,000 za bakteria na karibu 2,000 za ukungu. Ukungu hutegemea zaidi mahali nyumba ilipo. Bakteria hutegemea zaidi nani anaishi ndani, na katika wakaaji wote mbwa hajifichi hata kidogo: kwa kutazama bakteria wa vumbi tu, wataalamu waliweza kusema kama nyumba ina mbwa au haina, na wakapatia mara 92 katika 100. Kwa paka walipatia mara 83.

Sababu yake si ngumu. Mbwa hutembea nje, huchimba, hujigaragaza, kisha huingia na manyoya yake, miguu yake na mate yake. Utafiti mwingine wa mwaka 2013, katika nyumba 40 za North Carolina, ulikuta alama ya mbwa hata kwenye foronya za mito na kioo cha televisheni!

Je, jambo hili ladhuru au lafaa? Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mwaka 2014 wataalamu waliwalisha panya vumbi kutoka nyumba yenye mbwa, na panya hao hawakuvimba njia za pumzi kama wenzao walipokutana na vitu vinavyoamsha mzio. Mwaka 2015 huko Sweden, katika hesabu iliyohusu mamia ya maelfu ya watoto, wale waliokuwa na mbwa nyumbani katika mwaka wao wa kwanza walionekana kuwa na hatari ya pumu pungufu kwa asilimia 13 walipofika umri wa kwenda shule. Inadhaniwa kwamba mwili wa mtoto mchanga, ukizoea vijidudu wengi wa namna mbalimbali, hujifunza kutopigana na vitu visivyo adui.

Wako watu ambao, wakisikia hayo, husema basi mbwa na aingie ndani alale na watoto. Mimi sikubali. Nyumba zile za Marekani na Sweden hufungwa madirisha miezi mingi kwa ajili ya baridi. Mtoto wetu wa kijijini hutambaa uani katikati ya kuku na mbuzi, mlango ukiwa wazi tangu alfajiri, wala hana haja ya mbwa wa kumletea udongo, kwa kuwa udongo anao mkononi, na mara nyingi mdomoni. Tena katika hesabu ile ile ya Sweden, watoto waliokulia penye mifugo walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 52. Ng'ombe amempita mbwa mbali sana! Kwa hiyo wenzetu ambao dini yao yawataka wajitakase wakiguswa na mate ya mbwa hawana la kuhofu katika habari hizi. Na mtoto ambaye tayari ana mzio wa mbwa atazidi kubanwa kifua akiwekwa naye, hata kama mbwa huyo angemfaa nduguye mchanga.

Lakini sikubaliani pia na wale wanaonunua kila dawa ya kuua vijidudu na kumwaga sakafuni asubuhi na jioni, ati kila kisichoonekana ni ugonjwa. Sabuni na maji hutosha sakafu ya kawaida. Fedha inayobaki ingefaa kumpeleka mbwa kwa daktari wa mifugo apate chanjo na dawa ya minyoo, jambo ambalo katika nyumba nyingi halifanywi kabisa. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, ni nadra sana mgonjwa kupona. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile bila kungoja. Ningependa mzazi anayesoma ukurasa huu akumbuke sentensi hiyo hata akisahau vumbi lote.

Nina ombi kwa Chama cha Sayansi. Hadubini yetu imekaa kabatini tangu muhula uliopita. Tupanguse juu ya mlango wa bweni, na juu ya mlango wa kibanda cha askari ambako mbwa wake hulala, tutazame nywele, nyuzi na chavua za pande zote mbili. Bakteria ni wadogo mno, huenda wasionekane vizuri, lakini manyoya ya mbwa yataonekana, na yakionekana bwenini itabidi mtu aeleze yamefikaje.