Fimbo Haimfundishi Mbwa Usafi

Mwandishi mmoja aliyetushauri tumsugue pua kwenye mkojo wake mbwa tuliyemchukua kwenye makao ya wanyama, kisha tumchape, amewapotosha wasomaji na kumdhulumu mnyama. Anadai mbwa "anajua kosa lake" kwa sababu hujikunyata mwenye nyumba akirudi. Sivyo. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alionyesha kwamba sura hiyo ya kujikunyata hufuata karipio la mwenye mbwa, hata kwa mbwa asiye na kosa. Anachokisoma ni hasira yako. Ukimpiga saa moja baada ya kukojoa, atajifunza kukuogopa na kukojoa mafichoni, nyuma ya kochi.

Mtoe nje kila akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza. Akijisaidia huko, mpe kitu kitamu papo hapo. Ndani safisha kwa sabuni yenye vimeng'enya, kamwe si yenye amonia, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo na inaweza kumrudisha palepale. Na aliyekuwa msafi akianza ghafla kukojoa ndani, daktari wa mifugo kwanza! Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, nawe unamchapa mgonjwa.

Hata kwa mbwa anayetafuna vitu, fimbo si dawa: viatu viweke juu. Mbwa mchanga huota meno hadi miezi sita au saba, lazima atafune. Mpe mpira mgumu, si mifupa iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vikali. Anayebomoa mlango kila ukiondoka mara nyingi ana hofu ya kuachwa. Huyo azoeshwe upweke kwa dakika chache chache, na fimbo itamzidishia hofu hiyohiyo.