Kioo cha kukuzia si pambo

Leo nina lawama, na ya kwanza ni yangu mwenyewe.

Mjomba wangu anaishi karibu na mji wa Kajiado na ni mweka hazina wa chama cha wafugaji. Trakoma ilimwachia makovu machoni. Ugonjwa huu, ambao umesumbua kaunti yetu kwa miaka mingi, hupindua kope ndani zikawa zinakwaruza jicho. Miwani haimsaidii sana. Kinachomsaidia ni kukuza skrini. Nilimnunulia laptopu ya mitumba hapa Kitengela, RAM ya GB 2, nikamwekea Linux na Xfce. Akishika Alt na kuzungusha gurudumu la kipanya, tarakimu zinakuwa kubwa kama maandishi ya ubavuni mwa matatu. Akawa anasoma hesabu za chama mwenyewe.

Kisha nikajitia ujuzi. Nilimwekea kisimamizi kipya cha madirisha, chepesi, kinachotumia Wayland. Mashine ikawa na kasi ya ajabu, nikarudi Kitengela nikijipiga kifua. Siku mbili baadaye akanipigia: "Mpwa wangu, mashine inakimbia, lakini mimi sioni inakokimbilia." Nilipekua mipangilio yote. Kioo cha kukuzia hakikuwepo. Kwa wiki 2, kijana wa saiba ndiye aliyemsomea salio la chama, na nywila akapewa. Nywila ya mweka hazina!

Tatizo liko wapi? Kwenye X11, programu yoyote inaweza kusoma skrini nzima, kwa hiyo kikuzaji kama KMag kinaweza kuandikwa na mtu mwingine kabisa. Wayland ilifunga mlango huo kwa sababu za usalama, nami naunga mkono, maana mdukuzi naye angeutumia. Lakini maana yake ni kwamba anayeweza kukuza skrini amebaki mmoja tu: yule anayeyapanga na kuyachora madirisha yote. Asipofanya yeye, hakuna programu nyingine itakayomsaidia mjomba.

Wakubwa walilielewa hili. GNOME 3, iliyotoka 2011, ilikiweka kikuzaji ndani ya GNOME Shell yenyewe. KWin ya KDE nayo inakuza kwa kubonyeza Meta na alama ya =. Lakini hizo ni nzito kwa RAM ya GB 2, na mashine za namna hiyo ndizo zinazotufikia sisi. Ukiongeza ukubwa wa herufi peke yake, vitufe vinatoka nje ya skrini, na fomu iliyoskaniwa inabaki vilevile.

Waandishi wa vile vyepesi husema: sisi ni wa kujitolea, tunapenda programu ndogo. Nawaelewa, maana mimi pia huandika programu huria usiku baada ya kazi. Lakini tazameni labwc. Ni chepesi, ni cha Wayland, na mwaka 2024 kiliongezewa kikuzaji. Oktoba mwaka huo huo Raspberry Pi OS ikakichukua. Wepesi wake haukufa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwenye Wayland, kikuzaji ni kazi ya msingi ya kisimamizi cha madirisha, sawa na kusogeza na kufunga dirisha. Kisichokuza hakijakamilika, na kiseme hivyo kwenye ukurasa wake wa kwanza. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Isiwe sisi waandishi wa programu tunaovirudisha vikwazo hivyo kwa jina la toleo jipya.

Nasi tunaowawekea wazee wetu mashine, tujaribu kikuzaji kwanza kabla ya kusifia kasi. Kikikosekana, tuandike ripoti, na anayejua C atume kiraka. Mimi nimeanza changu.

Mjomba nimemrudishia Xfce yake ya X11. Nywila amebadilisha mwenyewe, akiisoma herufi moja moja.