Meli Zilizozama Zina Wenyewe

Wapo watu, hasa wa nchi za ng'ambo, ambao wanapolitazama Ziwa Tanganyika hawaoni dagaa wala migebuka, bali huona meli za vita zilizolala chini ya maji. Shauku yao ni kuvaa mitungi ya hewa na kuzamia kuzitafuta. Hatuna ugomvi na shauku hiyo. Lakini jambo hili linagusa historia yetu, sheria zetu na usalama wa wananchi, kwa hiyo hatuna budi kulitazama kwa makini kabla halijaamuliwa na wengine kwa niaba yetu.

Meli hizo ni ushahidi wa vita ambavyo wenyeji wa Ujiji, Kigoma na ng'ambo ya Kongo hawakuvianzisha. Tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza waliiteka meli ndogo ya Kijerumani iitwayo Kingani, wakaibatiza jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi hiyo hiyo pamoja na boti iitwayo Mimi ziliifukuza meli nyingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, na kuizamisha. Boti za Waingereza zilikuwa zimevutwa nchi kavu, milimani na misituni, na jasho lililozifikisha ziwani lilikuwa jasho la Waafrika. Vitabu vingi vya vita hivyo huwataja makamanda kwa majina, na vibarua kwa idadi tu.

Meli ya tatu inajulikana na kila mkazi wa mwambao huu. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikatekwa, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyo ilikuwa ikiwavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Chombo kilicholetwa kututawala kiligeuka kuwa chombo cha kuwaokoa wanyonge.

Hapa pana somo. Liemba iliibuliwa kwa sababu ilizamishwa mahali ambapo mikono ya watu iliweza kufika. Sivyo ilivyo kwa kila chombo. Ziwa letu lina kina cha mita zipatazo 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na duniani linapitwa na Ziwa Baikal peke yake. Mzamiaji wa kawaida anayetumia hewa ya mtungi hashauriwi kupita mita 40. Kila mita 10 anazoshuka, mgandamizo wa maji huongezeka, naitrojeni huingia katika damu, akili hulewa. Na akipanda kwa pupa, naitrojeni hiyo hutoka kama povu na kumlemaza au kumuua. Isitoshe, uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya baharini hayafai kutumiwa huku bila kurekebishwa. Anayekwenda kutafuta meli ya kina kirefu bila maandalizi hayo anakwenda kuongeza idadi ya waliozama.

Lipo pia suala la sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa, na cha baadaye aghalabu husubiri tamko la Waziri. Meli za mwaka 1915 ziko nje ya mpaka huo. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unavitambua vitu vilivyokaa chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi, unasisitiza viachwe mahali pake kwanza, na unakataza kuvifanyia biashara. Lakini mkataba huo ulitungwa kwa ajili ya bahari, na nchi inayotaka kanuni zake zitumike katika maziwa sharti itamke hivyo. Kwa maneno mengine, mlango uko wazi, na mwenye nyumba hajaamka kuufunga.

Ndugu zetu wa visiwani watauliza: haya yanatuhusu nini? Yanawahusu sana. Mwaka 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, tundu lilitobolewa katika ubavu wake kwa nia ya kuokoa. Hewa iliyokuwa ikiieleza ikatoka, ikazama na waliokuwamo. Mwaka 2011, MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi, wazamiaji walitoka Afrika Kusini, nao wakashindwa kuifikia kwa kina na ukali wa maji. Lakini mwaka 2018, pale Ukara, siku ya pili baada ya MV Nyerere kupinduka, wazamiaji walimtoa mtu akiwa hai. Tofauti ya kilio na shukrani mara nyingi ni mtu mwenye ujuzi aliyefika mapema.

Ujuzi huo si mgeni kwetu. Unguja na Pemba wapo vijana wanaozamia majongoo ya baharini na wanaowaongoza watalii matumbaweni. Kigoma, kwa miaka mingi, wazamiaji wamekuwa wakikusanya samaki wa mapambo kwenye miamba. Kinachokosekana ni kuwakusanya, kuwafundisha kwa kanuni, kuwapa vifaa, na kuwaweka tayari bandarini.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, Serikali izitangaze rasmi meli za vita zilizoko katika maji yetu kuwa mambo ya kale, na kwa zilizoko upande wa Kongo izungumze na jirani zetu kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyoko Bujumbura. Pili, mgeni yeyote atakayeruhusiwa kuzitafuta apewe sharti la kuzamia pamoja na vijana wetu, kuwafundisha, na kuacha nakala ya kila picha na kipimo. Tatu, asichukue hata msumari.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi tukitaka amana iliyo chini ya ziwa, na tukitaka kuwafikia wenzetu siku chombo kitakapopinduka, sharti tujifunze kuzamia wenyewe.