Ukiziba Mlango Wako Pekee, Umemsukumia Jirani Maji

Wasee, kila mvua ikikaribia ile video huanza kuzunguka tena. Jamaa huko Ulaya anateremsha ubao wa alumini mlangoni, nje maji yamejaa barabara nzima, yeye ndani anakunywa chai. Halafu inboksi yangu inajaa: hii kitu inauzwa wapi na ni ngapi?

Poa. Lakini kabla ya bei, niambie kwanza maji huingia kwako kupitia wapi.

Kwa ploti nyingi za Nairobi, mlango si njia ya kwanza. Mtaro ukijaa, uchafu unarudi nyuma na kutokea kwa choo, kwa shimo la bafu, kwa karo. Unaweza kuweka ubao wa elfu hamsini mlangoni na bado godoro lielee, kwa sababu maji yametoka chooni. Hapo dawa ni gunia ndogo ya mchanga iliyofungwa kwa nailoni, unaikandamiza kwa kila shimo. Hiyo ndiyo kinga ya bei rahisi zaidi na hakuna mtu huifanyia video.

Sasa tuje kwa zile za kuhamishika. Ziko aina tatu ambazo watu huniuliza.

Ya kwanza ni gunia za mchanga. Usijaze hadi mdomo, jaza nusu au theluthi mbili ndio ilale vizuri. Panga kama fundi anavyopanga mawe, kila gunia ikalie mwanya wa zile mbili za chini, na upande wa maji utandike nailoni nzito. Shida ni nafasi. Ukuta wa gunia unaosimama wenyewe, wa urefu wa nusu mita, unataka upana wa karibu mita moja na nusu hapo chini. Korido ya ploti yako ina hiyo nafasi kweli?

Ya pili ni ile mipira mirefu inayojazwa maji. Inafanya kazi, uzito wa maji ya ndani unazuia ya nje. Lakini inataka ardhi tambarare, na lazima ijazwe kabla mafuriko hayajafika. Wewe ambaye mfereji wako hutoa maji mara mbili kwa wiki, utaijaza na nini saa nane usiku?

Ya tatu ni huo ubao wa video. Unaingia kwa reli zilizofungwa ukutani na una mpira wa kuziba pembeni. Nyumba ya mawe, sawa. Keja ya mabati, sahau, reli haina mahali pa kushika.

Na zote zina kikomo. Niliacha kampasi kabla ya kumaliza, lakini hii ni fizikia ya sekondari. Maji yakiwa sentimita 30, yanasukuma kila mita ya ubao kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 45. Yakifika sentimita 60, ni kama kilo 180. Kina kimeongezeka mara mbili, nguvu mara nne. Ukizidi kuyazuia nje, ukuta wenyewe unaweza kukuangukia. Kwa hivyo hizi vitu ni za maji ya barabarani yanayopanda polepole: mtaro umeziba South C, uwanja umejaa Athi River. Kazi yake ni kukupa masaa machache ya kuinua friji, kuzima umeme na kutoa watoto.

Si za mto. Aprili 2024 Mto Mathare ulipofurika usiku, na siku chache baadaye maji yalipobomoa tuta la reli juu ya Mai Mahiu, hakuna gunia ingesaidia. Ukikaa kando ya mto, pesa ya kinga iwe ya nauli na ya kuhifadhi vitu kwa mtu wa juu. Najua kuhama si rahisi, kodi ya kwingine ni mara mbili. Lakini asikudanganye mtu na ubao.

Hapa sasa ndipo mimi na wengi tunakosana. Naona kununua kinga ya mlango mmoja ni ubinafsi usio na faida. Maji hayapotei. Ukiyazuia kwako yanaenda kwa mama mboga wa chumba kinachofuata, na ukuta mnaoshiriki utakuletea unyevu hata hivyo. Kinga ya maana inawekwa getini, mahali maji yanaingilia ploti yote. Geti moja ni rahisi kuziba kuliko milango kumi na mbili.

Na nani alipe? Landilodi. Anachukua kodi kila tarehe tano bila kukosa, na jengo ni lake. Akikataa, wapangaji kumi na wawili wakichanga kidogo kidogo wana gunia za kutosha, mchanga na nailoni. Tunachangia harusi na matanga kwa grupu za WhatsApp, hii pia tunaweza.

Kitu cha mwisho cha kuangalia ukichagua: nani ataiweka ukiwa kazini? Kama inahitaji wanaume wanne na nyumbani amebaki shosho na mtoto wa darasa la tatu, hiyo si kinga, ni mzigo wa stoo. Chagua ile wanaobaki nyumbani wanaweza kubeba, halafu fanyeni mazoezi jua likiwa linawaka.

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi ni Oktoba hadi Desemba. Katikati hapo ndio wakati wa kuzibua mtaro na kuitisha mkutano wa ploti. Ukingoja mawingu, fundi atakuwa na foleni na mchanga utakuwa umepanda bei.