Wenzako wa kazini wako wapi?

Miezi michache iliyopita tulihudhuria msiba katika mtaa mmoja wa Ilala, hapa Dar es Salaam. Aliyefariki alikuwa mama mtu mzima, mcha Mungu, na watu walijaa hata turubai likazidiwa, wengine wakaketi barazani kwa majirani. Marehemu aliacha vijana wawili wa kiume. Mkubwa anauza vitambaa Kariakoo. Mdogo ni mhasibu wa kampuni ambayo ofisi yake kuu iko Uingereza, naye huu ni mwaka wa tatu anafanya kazi chumbani kwake, kwa kompyuta na intaneti. Baada ya maziko, wenzake yule mkubwa walifika kwa gari mbili, wakatoa mkono wa pole, wakaandikisha mchango wao. Mzee aliyeshika daftari akamgeukia mdogo, akamwuliza kwa upole, bila ya kukusudia kumwongezea simanzi: "Na wewe mwanangu, wenzako wa kazini wako wapi? Tuwaandike."

Kijana hakuwa na jibu. Alitoa simu, akamwonesha mzee kundi la WhatsApp la kazini: vikaragosi vya nyuso zinazolia na viganja vilivyounganishwa, kumi na vitatu kwa hesabu. Mzee alivitazama, akairudisha simu, akageuza ukurasa.

Kule kugeuza ukurasa ndiko kulikotufanya tuandike haya. Kazi za namna hii zimeingia katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa tangu mwaka 2020, pale maradhi ya korona yalipofunga ofisi sehemu nyingi za dunia na waajiri wakaona kwamba hesabu zaweza kufungwa, maandishi kutafsiriwa na wateja kujibiwa na mtu aliyeketi popote palipo na umeme na mtandao. Ni milango ya rizki, na tunamshukuru Allah kwayo. Kina mama wenye watoto wachanga wamepata humo nafasi ambazo ofisi za zamani hazikuwapa. Lakini mtu aweza kupokea mshahara miaka mitatu kutoka kwa watu ambao, siku akifiwa na mzazi, hawana namna ya kuingia katika daftari la msiba wake.

Wakubwa wa kampuni hizi wanalihisi jambo hili, nao hujaribu kuleta ukaribu. Kampuni ya kijana wetu, yenye watu pia Mombasa na Kampala, iliandaa futari ya pamoja kwa njia ya video. Nia ilikuwa njema. Ila jua la Kampala huzama takriban nusu saa baada ya la Dar es Salaam, ijapokuwa saa za miji hiyo miwili ni moja. Basi Mwislamu wa Kampala akabaki kuwatazama wenzake wakila tende, huku msimamizi wao akimhimiza achangamke.

Tunavyoona sisi, mfanyakazi aliye mbali hana njaa ya burudani. Ana njaa ya kuhesabiwa. Na katika hili sira ya Mtume wetu (S.A.W.) ina mengi ya kutufunza kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa umma ule wa kwanza ulikuwa na watu wake walio mbali.

Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.) hakuwapo. Alibakia Madina kumuuguza mkewe, Bibi Ruqayya, binti yake Mtume. Ngawira zilipogawanywa, Uthman alitengewa fungu lake kama mtu aliyekuwa uwanjani. Miaka minne baadaye, pale Hudaybiya, Masahaba walipokula kiapo cha utiifu, Uthman hakuwapo tena, maana ametumwa Makka, Mtume (S.A.W.) akauweka mkono wake mmoja juu ya mwingine, ukawa ndio mkono wa Uthman.

Kisha yuko Bibi Asmaa bint Umays, mke wa Ja'far bin Abi Talib, aliyeishi Habasha miaka mingi na kurejea kwa jahazi mwaka wa 7 Hijria, siku za Khaybar. Alikuwa amemtembelea Bibi Hafsa, na Sayyidna Umar akaingia. Umar akatamka kwamba wao wa Madina wamewatangulia kwa hijra, kwa hiyo wana haki zaidi kwa Mtume. Bibi Asmaa alighadhibika. Maana ya jibu lake ni kwamba ninyi mlikuwa naye, akimlisha mwenye njaa miongoni mwenu na kumfunza asiyejua, nasi tulikuwa nchi ya mbali, wageni, katika maudhi na hofu. Hakuishia hapo, alilipeleka shauri lake kwa Mtume mwenyewe, akarudi na hukumu kwamba Umar na wenziwe wana hijra moja, na watu wa jahazi wana mbili. Na katika ngawira za Khaybar, ambazo hakupewa mwingine asiyehudhuria, watu wa jahazi walipewa fungu.

Hatumtaji Sayyidna Umar kwa kumlaumu, hasha. Alisema lile ambalo kila aliye karibu hulisema moyoni. Aliye karibu hulishwa kila siku pasi na kujua. Hudokezewa habari ukumbini, hufunzwa na mkubwa wake wakati wa kumiminiwa chai, na akikosea hurekebishwa kwa tabasamu. Yule wa mbali hupata kosa lake limeandikwa, kavu, katika barua pepe. Baada ya mwaka wa mambo hayo huambiwa kwamba hajitumi kama wenziwe.

Na fungu nalo je? Tunajua mahali ambapo walio ofisini hupewa chakula cha mchana, na walio nyumbani hununua bando kwa fedha zao. Mwisho wa mwaka mbuzi huchinjwa ofisi kuu. Wa mbali hutumiwa picha. Cheo kikitokea, hutajwa yule anayeonekana. Msimamizi Mwislamu mwenye watu walio mbali, kabla ya kutafuta mchezo wa kuwachangamsha, na aanze na hayo matatu, kisha awe na desturi ya kumpigia mmoja mmoja, peke yake, pasipo jambo la kazi.

Lakini Bibi Asmaa alisema. Kijana wetu hakusema. Kikao chake kikuu cha juma kilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi ya London, na katika miezi ya baridi ya Uingereza hiyo ni saa saba mchana hapa kwetu. Alituungama kwamba Ijumaa kadhaa zilimpita. Tukamwuliza kama alimweleza msimamizi wake. Hakumweleza, alichelea kuonekana msumbufu. Tulikaa naye, akaandika sentensi mbili, na jibu likaja kabla ya adhuhuri: kikao kimehamia Alhamisi, na kwa nini hakusema siku zote? Miaka mitatu ya kufichana, na upande wa pili hapakuwa na uadui wowote, palikuwa na mtu asiyejua.

Nyumba nazo zina sehemu yao. Siku mama alipofariki, mke wa kijana huyu alitaka kuwaarifu kazini, akaishika simu, asijue ampigie nani, kwa kuwa hakuwahi kusikia hata jina moja. Mume afanyaye kazi chumbani awataje wenziwe mezani, kama wazee wetu walivyokuwa wakiwataja wa bandarini na wa relini. Aandike majina mawili na namba zao, ayabandike mahali panapoonekana. Na familia nayo iache kumtuma dukani kila anapoonekana ameketi.

Tumesahau kueleza jambo moja. Siku ya pili ya msiba alifika mama mmoja kutoka Temeke, asiyejulikana na mtu, amebeba mfuko wa sukari. Akamwendea mzee wa daftari, akasema ametumwa na mtoto wa dada yake, yuko Mombasa, anafanya kazi na kijana wao, naye amemwomba aje kwa niaba yake. Mzee akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaandika: wenzake wa kazini, Mombasa. Kijana alisimama, akampokea mgeni wake kwa mikono miwili.

Siku ya khitma tulimwona tena mama yule. Safari hii alikuwa uani, ameketi na wenyeji, akichagua mchele.