Mama Sarah wa Kogelo

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 29 Machi, 2021, Bibi Sarah Onyango Obama alifariki dunia hospitalini mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99. Magazeti ya dunia nzima yalitangaza kifo cha nyanya yake aliyekuwa Rais wa Marekani. Lakini huko Kogelo, katika nchi ya Alego, aliyefariki alikuwa mama mwenye nyumba, na yafaa akumbukwe kwanza kwa kazi hiyo, maana ndiyo aliyoifanya kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

Alizaliwa mwaka 1922 karibu na ziwa la Victoria, akaolewa na Bwana Hussein Onyango Obama, akiwa mke wake wa tatu. Bwana huyo alikuwa mpishi wa Wazungu, mtu aliyetembea nchi nyingi, aliyeingia katika dini ya Kiislamu, tena mkali sana kwa mambo ya usafi na utaratibu. Wanaokumbuka wapishi wa zamani watafahamu kwamba mume wa namna hiyo si rahisi kumpikia.

Bibi Akumu, mke wa pili, aliondoka katika nyumba ile akawaacha watoto wake. Mkubwa alikuwa binti, na aliyemfuata alikuwa mvulana aitwaye Barack. Wawili hao walitoroka wakaenda kwa miguu kumtafuta mama yao upande wa Kendu, safari kubwa mno kwa watoto, wakarudishwa kwa baba. Ndipo Bibi Sarah alipowapokea na kuwalea. Katika hadithi za makabila karibu yote mama wa kambo hana sifa njema. Humnyima mtoto chakula na kumtwika kazi za wenziwe. Huyu alifanya kinyume. Shule aliyosoma Barack ilikuwa Ng'iya, maili 6 kutoka Kogelo, na Bibi Sarah alikuwa akimpakia kijana nyuma ya baisikeli na kumpeleka. Yeye mwenyewe hakupata kusomeshwa. Mtu na afikiri juu ya njia za wakati ule, vumbi la kiangazi na matope ya masika, na kazi zinazomngoja mwanamke arudipo nyumbani: kuni, maji, shamba na jiko. Wako akina baba wengi wenye baisikeli ambao hawakufanya hata nusu ya hayo kwa watoto waliowazaa wenyewe.

Kijana huyo aliendelea na masomo hata akafika Maseno, na mwaka 1959 akasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Hawaii. Huko alipata mwana, akampa jina lake mwenyewe.

Bwana Hussein alifariki, na mwaka 1982 Barack yule wa baisikeli akafa kwa ajali ya motokaa mjini Nairobi. Wote wawili walizikwa Kogelo, karibu na mlango wa Bibi Sarah, naye akabaki kuitunza nyumba. Mwaka 1988 yule mjukuu wa Hawaii alifika kwa mara ya kwanza. Bibi hakujua Kiingereza, na mjukuu hakujua Kijaluo, basi mazungumzo yao yalipita katika kinywa cha mkalimani. Hata hivyo bibi alimsimulia habari za ukoo tangu mababu, na mjukuu akaziandika baadaye katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1995. Alipouliza kama kuna kitu chochote kilichosalia cha babu yake, alitolewa karatasi zilizokwisha tafunwa na panya. Kulikuwa na kijitabu cha mtumishi wa nyumbani, ambacho serikali ya wakati ule ilimtaka kila mpishi na boi awe nacho, na ndani yake mabwana walikuwa wameandika maoni yao juu ya kazi ya Hussein. Tena kulikuwa na barua ambazo Barack aliziandikia vyuo vya Marekani akiomba nafasi. Makarani watajua thamani ya jambo hilo. Ziko ofisi zenye makabati ya chuma ambazo hazikuweza kutunza faili kwa miaka kumi. Nyumba hii ya shamba ilihifadhi karatasi hizo kwa muda wa miaka thelathini na zaidi.

Baadhi ya watu walipenda kubishana kama yeye ni nyanya wa kweli au wa kambo. Kwa Wajaluo swali hilo halina maana kubwa, kwa kuwa watoto wa mke mwenza ni watoto wa nyumba, na wajukuu vivyo hivyo. Rais mwenyewe alimwita nyanya yake, na Januari 2009 bibi alikuwako Washington siku mjukuu alipoapishwa.

Baada ya uchaguzi ule umeme uliletwa nyumbani kwake, na wageni kutoka nchi za mbali wakafika kumwona. Kabla ya haya yote kijiji kilimjua kama mwanamke anayewapakulia watoto wa shule uji na mandazi, na anayewalea mayatima nyumbani mwake. Sifa mpya aliitumia kwa kazi ile ile ya zamani: chama cha msaada kilianzishwa kwa jina lake, kikawalipia mayatima karo, sare na chakula. Mwaka 2014 alitunukiwa tuzo huko New York kwa ajili ya elimu. Alikuwa akisema kwamba mwanamke aliyesoma hufundisha jamaa yake na kijiji kizima, naye aliwahurumia zaidi wasichana, ambao mara nyingi ndio wanaotolewa shuleni kwanza fedha zinapopungua.

Desturi ya Wajaluo ni kuomboleza siku nyingi kabla ya kuzika, hasa mzee wa umri kama wake. Lakini Bibi Sarah aliishi Mwislamu, na mambo yakafanywa Kiislamu. Jumanne asubuhi, tarehe 30 Machi, siku moja tu baada ya kufa kwake, alizikwa Kogelo nyumbani kwake.